Msilale Bandari Ikionekana



Leo nataka kusema hasa na nyinyi mliokaa katika ndoa miaka mingi: ishirini na mitano, thelathini, hata arobaini. Wachumba hupewa mafundisho kabla ya kufunga ndoa. Maarusi wapya wana wasimamizi wa kuwashauri. Lakini nyinyi wakongwe, mkiisha kukatiwa keki ya Jubilei ya Fedha na kupigiwa vigelegele pale kanisani, mwaachwa mwende zenu. Watu hudhani kwamba mmekwisha kufika.

Hamjafika. Mko karibu kufika, na karibu kufika kuna hatari zake. Ili tuelewane vizuri, nawaomba tutoke kidogo nchi kavu twende baharini, tukajifunze kwa mume na mke waliorudi nyumbani kwa chombo cha matanga.

WATU WAWILI, CHOMBO KIMOJA

Wasomaji wa Pwani wameziona mashua hizo zikiwa zimetia nanga kule Kilifi na Mtwapa, zile zenye mlingoti mrefu, ambazo huitwa yoti. Nyingine zimevuka bahari kuu kabla ya kufika hapa. Na mara nyingi ukiuliza wamo watu wangapi ndani, utaambiwa ni wawili tu, mume na mke. Hakuna baharia wa kuajiriwa, hakuna mpishi, hakuna fundi. Kila kazi ni ya huyu au ya yule.

Kati ya wanandoa waliojulikana sana kwa safari hizo ni Waingereza wawili, Eric Hiscock na mkewe Susan. Walioana mwaka 1941. Mwezi wa Julai 1952 waliondoka Yarmouth, katika Kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, kwa mashua iliyoitwa Wanderer III. Urefu wake ulikuwa kama futi 30, yaani mita 9 na kitu, karibu sawa na matatu kubwa ya abiria thelathini na watatu. Humo ndimo walimolala, walimopika, na walimougulia. Walivuka Atlantiki, wakapita Mfereji wa Panama, wakavuka Pasifiki, wakaingia hii Bahari yetu ya Hindi, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, kisha wakapanda Atlantiki tena kuelekea kaskazini. Mwezi wa Julai 1955 walikuwa nyumbani Uingereza. Walikuwa wameizunguka dunia yote kwa muda wa miaka mitatu.

Jambo moja la ajabu ni kwamba Eric alikuwa na macho dhaifu sana. Hebu fikiri, nahodha asiyeona mbali! Lakini Susan alikuwa na macho mazuri, na macho hayo yakawa ya wote wawili. Mume alijua mambo ya hesabu za safari, mke aliona kilicho mbele. Mmoja peke yake angepungukiwa. Wakiwa pamoja walitosha.

Siwataji kwa sababu walikuwa watakatifu. Hilo Mungu ndiye ajuaye. Nawataja kwa kuwa walirudi, na walirudi pamoja. Na namna watu kama hao wanavyorudi ina mafundisho kwetu ambao hata ngalawa hatujapanda.

ZAMU NA MAKABIDHIANO

Gari likikuchosha waweza kuliegesha kando ya barabara ukalala. Chombo kilicho katikati ya bahari hakina pa kuegeshwa. Kina cha maji ni maelfu ya mita, na nanga haiwezi kufika chini. Kwa hiyo kila usiku mmoja hulala na mwingine hukesha. Wengi huugawa usiku kwa zamu za saa tatu au nne. Anayekesha huitazama dira, huyaangalia matanga, na kila baada ya dakika chache huinuka akazungusha macho pande zote kutafuta taa za meli. Meli kubwa ikijitokeza mbali yaweza kuwafikia kwa muda wa dakika ishirini hivi, na huenda walio ndani yake wasikione kabisa kile chombo kidogo.

Zamu ikiisha, aliyelala huamshwa. Sasa sikilizeni vizuri. Anayeamka harukii usukani. Kwanza hupewa habari. Mwenzake humwambia: upepo umegeuka tangu saa sita, tunaelekea huku, nimeona taa upande wa kulia, iangalie, ile kamba ya tanga la mbele imeanza kulika. Anayepokea husikiliza mpaka mwisho, hata kama yeye ndiye nahodha. Aliyekuwa amelala hajui bahari ilifanya nini alipokuwa usingizini, na kujifanya anajua kwaweza kuwaua wote wawili.

Wapendwa, nyumba nyingi katika nchi yetu zimeishi kwa zamu. Baba alifanya kazi mbali: reli, bandarini, jeshini, kwenye mashamba ya chai, ofisini Nairobi. Mama alibaki nyumbani na watoto na shamba. Baba alikuja Desemba na Pasaka, akashinda siku chache, akarudi kazini. Miaka thelathini ikapita hivyo. Si kwamba hawakupendana. Kila mmoja alikuwa kwenye zamu yake, na ni kwa zamu hizo watoto walisoma na nyumba ikapigwa bati.

Kisha baba anastaafu. Kwa wafanyakazi wa serikali, tangu mwaka 2009, umri wa kustaafu umekuwa miaka sitini badala ya hamsini na mitano. Basi baba wa miaka sitini anashuka kwenye basi na sanduku lake. Safari hii hana siku ya kurudi. Asubuhi ya kwanza anaamka mapema, anazunguka boma na kuanza: "Nani aliruhusu mti huu ukatwe? Kwa nini maziwa yanapelekwa kule? Ufunguo wa ghala uko wapi?" Ameshika usukani bila kuuliza habari za usiku.

Na yule mama amekesha! Yeye ndiye anayejua ni jirani gani husogeza mpaka, ni mwana yupi ameanza kunywa, ni deni gani lilichukuliwa kwenye chama wakati mtoto alipolazwa. Ana ripoti ya miaka thelathini, na hajaulizwa hata neno moja. Baba, kama wewe ndiwe msomaji wangu, nakusihi ukae kitako umwambie mkeo: "Mama watoto, hebu nieleze. Wewe ndiwe uliyekuwa zamu." Halafu nyamaza usikilize. Siku moja haitatosha.

Nawe mama, ukiisha kutoa habari, mpishe mwenzako aushike usukani pamoja nawe. Wako akina mama waliozoea kutawala boma peke yao hata hawana nafasi ya kumweka mume. Anakaa barazani kama mgeni aliyekawia kuondoka. Watoto wakija humwamkia, kisha huingia jikoni kunong'ona na mama. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli. Lakini kumwacha baharia bila zamu yoyote ni kumfundisha kulala, na mtu asiye na kazi chomboni hutafuta kazi kwingine. Baadhi ya kazi hizo mwazijua, na chupa ni mojawapo.

WANAOGOPA NCHI KAVU

Mtu wa bara hudhani kwamba hatari kubwa ya baharia iko katikati ya bahari, mbali na watu. Mabaharia wenyewe husema vingine. Katikati ya bahari hakuna mwamba wa kugonga. Dhoruba ikija, chombo kizuri kikifungwa vizuri chaweza kuachwa kielee mpaka ipite. Panapovunjika vyombo vingi ni karibu na nchi.

Angalia safari ya mwisho ya kurudi Uingereza. Vyombo vya matanga vitokavyo kusini mara nyingi hupumzika kwanza katika visiwa vya Azores, ambavyo ni vya Ureno. Kutoka hapo hadi Uingereza ni maili za baharini kama 1,200. Chombo kidogo chaweza kwenda kama maili mia moja kwa siku, basi ni safari ya siku kumi na mbili hivi, zaidi upepo ukikataa. Siku za kwanza ni maji marefu matupu. Mwishoni, kila kitu hubadilika kwa pamoja. Sakafu ya bahari hupanda kutoka maelfu ya mita hadi chini ya mita mia mbili, na mawimbi hubadili tabia. Meli huongezeka, maana mlango ule wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa ni kama barabara kuu. Maji kujaa na kupwa hukisukuma chombo pembeni. Ukungu waweza kushuka usione ncha ya chombo chako.

Katika siku za akina Hiscock hapakuwa na setilaiti za kumwonyesha mtu alipo. Baharia alipima urefu wa jua au nyota kwa chombo cha mkononi, akapiga hesabu. Mawingu yakitanda siku tatu, hakuna jua la kupima. Alibaki kukisia: tumekwenda kasi hii, kwa saa hizi, upande huu. Na kosa dogo la leo liliongezwa juu ya kosa dogo la jana.

Lakini hatari kubwa kuliko zote imo ndani ya mtu. Amechoka kwa siku kumi na mbili za kulala vipande vipande. Halafu usiku mmoja anaona mwanga wa mnara wa taa ukimulika mbali. Moyo unamruka. Anaanza kufikiria maji ya moto ya kuoga, mkate mpya, barua zinazomngoja. Mwili wake uko chomboni bado, lakini mawazo yamekwisha shuka pwani. Hapo ndipo huacha kutazama.

Kwa hiyo mabaharia wenye hekima wana desturi moja. Wakifika usiku mbele ya bandari wasiyoijua vizuri, hawajilazimishi kuingia. Hugeuza tanga moja likapigana na upepo, wakaufunga usukani upande mmoja, na chombo kikatulia pale pale kikipanda na kushuka na mawimbi. Taa za nyumba zaonekana. Wanazitazama, na wanangoja mapambazuko.

Wanandoa, jifunzeni desturi hiyo. Kuna maneno yasiyofaa kusemwa saa tano za usiku mtu akiwa amechoka na ana hasira. Yatulizeni mpaka asubuhi. Kungoja mwanga si kukimbia, kwa kuwa hakuna aliyetoka chomboni.

MELI YA MTAKATIFU PAULO

Maandiko Matakatifu nayo yanalijua jambo hili. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya ishirini na saba, msome pamoja jioni moja. Meli iliyomchukua Paulo kwenda Roma ilikuwa na watu 276. Walipigwa na dhoruba siku nyingi. Usiku wa kumi na nne mabaharia walihisi kwamba nchi iko karibu. Wakapima kina, wakapata pima ishirini. Wakasogea kidogo wakapima tena, zikawa kumi na tano. Wakaogopa miamba, wakatia nanga nne upande wa nyuma, wakaomba kuche.

Hapo karibu na nchi, baada ya dhoruba yote ile waliyoivumilia, ndipo baadhi ya mabaharia walipotaka kutoroka. Waliishusha mashua ndogo majini, wakajifanya kwamba wanakwenda kutia nanga upande wa mbele. Paulo akatambua. Akamwambia yule akida na askari wake kwamba hao wasipokaa melini, wengine hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikaenda zake. Kisha Paulo akawasihi wote wale chakula. Na watu wote 276 wakafika salama kisiwani Malta, ingawa meli yenyewe ilivunjika.

Tazameni vizuri namna walivyotaka kutoroka. Hawakusema, "Tunawaacha." Walisema wanakwenda kutia nanga. Kazi nzuri kabisa!

Ndivyo ilivyo katika ndoa za uzeeni. Hakuna anayesimama mlangoni na kutangaza kwamba anaondoka. Mama anasema anakwenda Nairobi kumsaidia binti aliyejifungua. Ni jambo jema, na nyanya gani asiyependa mjukuu? Lakini miezi mitatu inakuwa mwaka, mwaka unakuwa miwili, mjukuu anaanza shule, na mama yuko huko bado. Baba anajipikia ugali peke yake. Baba naye anasema anakwenda mjini kufuatia kiinua mgongo, au kuangalia ploti. Anaifuatia wiki nzima, halafu mwezi. Baadaye inajulikana kwamba huko kwenye ploti kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna mtu. Wengine hawaendi hata mbali. Mmoja anahamia chumba cha watoto kwa kuwa mwenzake anakoroma, na tangu siku hiyo hawazungumzi ila juu ya ng'ombe na chumvi. Mashua ndogo imeshushwa.

Nikusihi, ndugu yangu: chunguza hiyo nanga unayokwenda kutia. Kama kweli ni nanga, mwenzako anajua ni ya siku ngapi na mmekubaliana. Kama hajui, ujue kwamba unashusha mashua.

Hapa sina budi kusema neno jingine ili nisieleweke vibaya. Kuna nyumba ambamo mtu hupigwa, hutishiwa kwa panga, au watoto wamo hatarini. Sisemi juu ya huyo kwamba anatoroka. Sheria ya Kanisa yenyewe inakubali kuishi mbali mahali ambapo mmoja anauhatarisha vibaya mwili au roho ya mwenzake au ya watoto. Mtu kama huyo na aende mahali salama leo, kisha amwone padre wake na watu wa kumsaidia. Paulo aliwazuia wale walioikimbia kazi yao. Hakumzuia mtu kujiokoa na anayemzamisha.

KAMBA ILIPOKATIKA

Labda kuna msomaji anayesema: "Umechelewa. Kwetu dhoruba imekwisha kupiga, na mlingoti umekwisha kuanguka." Nikueleze habari za wanandoa wengine, Miles Smeeton na mkewe Beryl. Mwishoni mwa Desemba 1956 waliondoka Melbourne, Australia, kwa chombo chao Tzu Hang, kuelekea Uingereza alikokuwa binti yao. Kijana mmoja, John Guzzwell, alisafiri nao. Njia yao ilipita Rasi ya Pembe, ncha ya kusini ya Amerika, mahali panapoogopwa na mabaharia wa dunia yote.

Mwezi wa Februari 1957, wakiwa mbali bado na ile rasi, Beryl alikuwa zamu kwenye usukani. Wimbi kubwa mno lilikuja kutoka nyuma, likakiinua chombo na kukipindua kichwa mbele. Kamba aliyojifungia Beryl ikakatika, akatupwa baharini. Alipoibuka, chombo kilikuwa kimekaa chini majini, milingoti yote miwili imevunjika. Akaogelea akiwa ameumia, akakifikia, wale wanaume wakamvuta ndani.

Kazi iliyofuata ilikuwa nini? Ndoo. Maji yalikuwa yamejaa ndani, na kama yasingetolewa hakuna jingine ambalo lingekuwa na maana. Walichota na kumwaga, wakachota na kumwaga, kwa saa nyingi. Kisha wakaziba pale palipobomoka. Guzzwell alikuwa fundi mbao, akaunga vipande kutengeneza mlingoti wa muda. Kwa tanga dogo juu ya mlingoti huo wakaenda polepole mpaka wakafika Chile mwezi wa Machi. Walijaribu tena mwisho wa mwaka huo huo, wakapinduliwa tena, wakarudi Chile tena. Mwaka 1968, wakiwa wazee, hatimaye walipita Rasi ya Pembe kwa chombo kile kile.

Wenzetu Waswahili wana methali: Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumboni chini, pale maji yanapokusanyika na kutekwa. Hata utembee wapi chomboni, mwisho utarudi pale kwenye maji ya kuchotwa. Ndoa iliyopigwa haitengenezwi kwa kuuliza kwanza ni nani alikuwa kwenye usukani. Maji yakiisha kupungua mtauliza, na yafaa muulize. Lakini leo shika ndoo. Ndoo ya kwanza ni salamu za asubuhi. Ya pili ni kula meza moja. Ya tatu ni kusema "nisamehe" bila kuongeza "lakini nawe". Na kitubio kipo, mlango wa padre haujafungwa.

BANDARI NI IPI?

Mtaniuliza: sasa tutajuaje kwamba tumefika, ili tupumzike? Si siku ya Jubilei ya Fedha wala ya Dhahabu. Si siku ya kustaafu, wala siku mtoto wa mwisho anapooa. Hizo zote ni taa za minara. Zinakuonyesha ulipo, na kukuonya palipo na mwamba. Bandari yenyewe mliitaja siku ile mbele ya altare na mashahidi wawili. Ni pale mmoja wenu atakapomfumba mwenzake macho na kumkabidhi kwa Mungu.

Eric na Susan Hiscock waliendelea kusafiri baharini pamoja, wakaizunguka dunia mara nyingine, mpaka Eric alipofariki New Zealand mwaka 1986. Walikuwa wameishi katika ndoa miaka arobaini na mitano.

Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitukumbusha kwamba siku hizi watu huishi miaka mingi zaidi, hata wanandoa wengi hukaa pamoja miaka arobaini, hamsini au sitini. Kwa sababu hiyo, alifundisha, ile nia ya mwanzo yahitaji kufanywa upya mara kwa mara. Yule uliyemchagua akiwa na miaka ishirini na mitatu hayupo tena. Yuko mzee mwenye magoti yanayouma. Mchague huyo.

Tena msishangae mkiona mwayumba. Mtu aliyekaa baharini siku nyingi akishuka nchi kavu huona ardhi inacheza. Mwili ulizoea mawimbi, sasa unahitaji siku kadhaa kuzoea kutulia. Vivyo hivyo mume na mke waliozoea kuishi mbali watajikwaa wakianza kukaa pamoja kila siku. Haina maana kwamba mapenzi yamekwisha. Vumilianeni, miguu itazoea.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Mwezi huu fanyeni haya manne:

1. Tengeni jioni moja ya makabidhiano. Baba amweleze mama mambo ya kazini na ya pesa yote, pamoja na kiinua mgongo. Mama amweleze baba mambo ya boma, watoto na madeni. Anayesikiliza asikatize.

2. Gawaneni zamu upya. Andikeni nani anashughulikia nini, na kila mmoja awe na kitu anachokisimamia kweli.

3. Kama mmoja wenu yuko mbali, wekeni siku ya kurudi, na iheshimiwe.

4. Someni sura ile ya Matendo ya Mitume, kisha mjibu kila mmoja: Je, mimi kuna mashua niliyoishusha? Kamba yake nitaikata lini?

Kisha salini pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu kabla ya kuzima taa. Mwenye kushindwa kusali kwa sauti na amshike mwenzake mkono tu.

Ee Bwana Yesu, uliyeikemea dhoruba ukiwa ndani ya chombo kimoja na rafiki zako, uwaangalie waume na wake waliozeeka safarini. Uwape macho ya kuonana, masikio ya kusikilizana, na nguvu ya kukesha zamu iliyobaki, hata nanga ishike. Amina.